Maji Hayamo

Fedha ziliingia Jumanne, saa nne asubuhi.
Simu ya mwalimu mkuu ililia mara moja tu,
kama kuku aliyetaga akajuta.
Tukausoma ujumbe wa benki sote sita, vichwa vikigongana:
milioni arobaini, vyumba viwili,
mwisho wa kazi Desemba thelathini na moja.

Walisema ni fedha za kuinua uchumi.
Umeangukia wapi, sikuuliza.
Utaratibu ni fosi akaunti: nunueni wenyewe, jengeni wenyewe,
mkikosea jibuni wenyewe.
Mimi nikapewa daftari, kalamu ya bluu
na ufunguo wa darasa la nne, ambalo sasa ni stoo.
Darasa la nne lenyewe likahamia upande wa jua.

Nimeandika:
saruji, mifuko mia moja na themanini.
Bati geji ishirini na nane, sabini.
Nondo. Misumari ya bati, kilo kumi na nne.
Mchanga, tripu saba, na dereva aliyeapa ni nane.

Maji sikuyaona.
Nikafunua makadirio karatasi kwa karatasi:
kuna hadi dawa ya mchwa,
kuna vitasa, kuna rangi ya dari,
maji hayamo.
Aliyeyaandika lazima alikulia mahali
ambapo mtu akitaja bomba hakuna anayecheka.
Huku juu Newala hata nzi hunywa kwa zamu,
na lori la maji likipanda mlima
hupanda na bei yake.

Kamati ikakaa hadi magoti yakauma.
Bi. Fadina Chilumba wa mapokezi akasema:
zege halisomi makadirio.
Kesho yake kila mtoto na kidumu chake cha lita tatu,
mstari mmoja mpaka kwenye pipa,
na Ashirafu Mnunduma wa la pili, kidumu kimetoboka,
ameziba tundu kwa kidole toka kwao hadi shuleni.
Nikaandika pembeni, nje ya mistari:
Ashirafu, lita mbili na nusu.

Msingi ukatoka ardhini. Ukuta ukafika kwenye lenta.
Halafu mnada wa korosho ukafunguliwa
na fundi Likokola akaniaga kwa adabu zote:
"Mwalimu, ukuta utanisubiri.
Korosho iliyoanguka hainisubiri, mvua ikiikuta imeota."
Sikuwa na jibu. Zangu pia zilikuwa chini.

Siku kumi na moja nililala na mifuko ya saruji,
nikiigeuza kama mgonjwa asipate vidonda,
maana saruji nayo ikionja unyevu
huamua yenyewe kuwa jiwe.
Kila jioni wilaya inapiga: asilimia ngapi? Tuma picha.
Tukatuma picha ya ukuta mrefu.
Kesho yake ukuta uleule, tumesimama karibu zaidi.

Walirudi. Nitasema kweli, walirudi wote,
wakafanya kazi usiku kwa taa za pikipiki mpya.
Bati la mwisho lilipigiliwa mvua ikiwa Mahuta,
tunaiona inavyokuja.

Mkaguzi aligonga sakafu kwa kisigino, akasifu.
Akauliza bakaa.
Elfu sita na mia tatu, nikasema.
Irudi, akasema.
Kisha akafika pembeni mwa ukurasa.
"Huyu Ashirafu ni mzabuni?"
Ndiyo.
"Stakabadhi yake?"
Nikamwonyesha sakafu.
Akaandika kitu. Mwandiko wake sikuweza kuusoma,
na mpaka leo barua haijaja.

Januari hii madawati bado; yana fungu lake, wanasema,
na fungu lake liko njiani.
Ashirafu ameingia la tatu.
Wamekaa chini, miguu wameikunja,
juu ya maji yao.